Kadi ya Wifi Yangu

Mimi sipendi kuulizwa kwa nini sikuzaa. Siku hizi watu huuliza kwa adabu, wanazunguka kwanza na habari za mvua na za ng'ombe, lakini najua wanakoelekea, nami huwakata njiani. Nawaambia ni mapenzi ya Mungu. Hapo hunyamaza, maana nani atasimama kubishana na Mungu? Lakini hayakuwa mapenzi ya Mungu, na hakuna anayelijua hilo kuliko mimi. Nimemsingizia miaka zaidi ya arobaini. Leo nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu wale wawili niliowakosea wameshazikwa na hakuna wa kunisuta.

Nilitoka upande wa Butula, nikaolewa Malaba kwa Wateso, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa karani wa ajenti wa forodha pale mpakani. Kazi yake ilikuwa kujaza fomu za malori yanayokwenda Uganda, fomu za Kiingereza, nakala nne nne na karatasi za kaboni katikati, na madereva walimwita boss kwa sababu bila kalamu yake hawakupita. Mimi Kiteso sikukijua, yeye Kimarachi hakukijua, basi tulipendana kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili. Hatukugombana sana. Yeye alikuwa mpole, mimi ndiye niliyekuwa na mdomo.

Biashara yangu ilikuwa omena, wale dagaa wadogo. Nilizifuata ziwani, Sio Port, nikazileta kwa gunia, nusu nikauza soko la Malaba, nusu nikavuka nazo ng'ambo, ambako wanaziita mukene. Ng'ambo miaka ile ilitawaliwa na askari. Sabuni hakuna, sukari hakuna, hata chumvi ni ya kutafutwa, na mtu mwenye gunia mgongoni aliitwa mfanya magendo kabla hajaulizwa amebeba nini. Lakini Wateso hawakuwa na habari na mpaka. Walipita vijia vya mashambani, wakavuka mto kwenda kuzika, kuoa na kunywa pombe, wakarudi jioni. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa ameolewa huko, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mtoni.

Huyo wifi nilimpenda kabla sijampenda mume wangu sawasawa. Nilipoletwa, wanawake wa boma walinicheka kwa sababu sikujua kutengeneza ajon, ile pombe yao ya wimbi inayonywewa kwa mrija. Yeye alivuka akakaa nami siku nne, akanionyesha tangu kukaanga unga hadi kumimina maji ya moto, na wageni walipokuja akawaambia wote kwamba nimeitengeneza peke yangu. Alikuwa na watoto watano. Alikuwa amechoka, na alisema wazi kwamba amechoka.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitatu. Wazee wa kike walimaliza mambo yao nyuma ya nyumba, wakaniogesha kwa maji ya majani, na hakuna aliyelitaja tena. Mama mkwe alisema hutokea. Mume wangu alininunulia kitambaa cha gauni. Nililia wiki moja, halafu nikarudi Sio Port, maana nilikuwa msichana mwenye nguvu na nilidhani mimba ni kitu kinachorudi chenyewe.

Ya pili ilifika miezi mitano. Huyu alikuwa anacheza. Nilikuwa nikikaa chini kuchambua omena ananipiga mbavuni, nami namwambia tulia wewe, na wanawake sokoni wanacheka. Ilikuwa ni siku ya soko ng'ambo, nimeshauza, nimeingia kwa wifi kunywa uji kabla ya kurudi. Nikasimama kumpa kibuyu na damu ikanishuka miguuni.

Sikumbuki kila kitu. Nakumbuka wifi na jirani yake wakinipakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mmoja anasukuma, mwingine ananishika kiuno, na barabara ndefu ya vumbi kuelekea hospitali ya serikali. Nakumbuka zaidi aliyoniambia njiani. Aliniambia kuanzia sasa jina langu ni lake. Mwaka ule Wakenya waliokamatwa ng'ambo waliitwa wapelelezi, na kwenye geti la hospitali alisimama askari mwenye bunduki. Mwanamke asiye na chifu wa huko, asiye na kadi, angeanza kuulizwa maswali huku damu inamwagika. Wifi alikuwa na kadi yake ya kliniki ya akina mama, ameichomeka kifuani. Akasema nitaingia kwa hiyo.

Hilo halikuwa jambo geni. Sisi wa mpakani tuliazimana kadi jinsi watu wengine wanavyoazimana sufuria. Wao walivuka kwetu kutibiwa surua kwa majina ya binamu zao, sisi tulivuka kwao. Hakuna aliyeona dhambi.

"Ukiulizwa kitu, sema ndiyo," aliniambia. "Usieleze. Ukifungua mdomo watajua wewe si wa huku. Sema ndiyo tu, wifi."

Ndani nililazwa kwenye kitanda chenye turubai. Nesi alikuja na kadi, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, hakuwa mkali hata kidogo. Akanisomea jina la wifi yangu, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nina watoto watano, nikasema ndiyo. Wote wazima? Ndiyo. Nilisema hivyo wakati mtoto wangu mwenyewe anatoka. Halafu akageuza kadi upande wa pili, akasoma, akainama karibu nami. Akasema naona mama uliomba kuwekewa koili ya kuzuia mimba na mzee wako ametia sahihi, lakini hukurudi. Je, tukishakusafisha tukuwekee leo leo, usisumbuke kuja tena?

Nitasema ukweli hapa, la sivyo hakuna maana ya kuandika. Nililisikia swali. Sikuwa nimezimia. Alilisema kwa Kiswahili, polepole, na akangoja jibu. Nikasema ndiyo.

Nimejiuliza maisha yangu yote nilikuwa nafikiri nini. Nilifikiri nikikataa ataniuliza kwa nini, na nikianza kueleza, lafudhi yangu ya Kimarachi itatoka na askari ataitwa. Hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine, la kijinga zaidi. Nilidhani anaiuliza kadi. Maswali yote yalikuwa ya kadi, watoto wa kadi, mume wa kadi, na mimi ni mdomo tu wa kuijibia. Nilidhani na hiyo koili ni ya mwenye kadi, kwamba ndiyo yangu itaandikwa pale na wifi ataitwa siku nyingine kupewa kitu chake. Tumbo langu sikulifikiria kabisa. Wakanipiga sindano ya usingizi.

Nilipoamka tumbo lilikuwa limelala. Wifi aliniambia alikuwa mvulana, na kwamba ameshamzika nyuma ya jiko lake, mahali pasipokanyagwa na watu. Nililala kwake siku tano. Alininywesha supu, alinifulia vitambaa vyangu kwa mikono yake, na usiniambie kuna dada wa kuzaliwa tumbo moja ambaye angefanya zaidi. Kadi alirudishiwa yeye. Ilikuwa imejazwa Kiingereza kipya chini ya kile cha zamani. Yeye hakusoma kabisa, mimi niliishia darasa la nne. Aliifunga kwenye kitambaa akaificha, akasema hataweza kwenda nayo tena kliniki, maana sasa inaonyesha kwamba yeye ndiye aliyeharibikiwa na mimba, na wakimpima watagundua. Kwa hiyo koili aliyoitaka hakuifuata. Mume wangu, ambaye alisoma Kiingereza cha serikali mbili kutwa nzima, hakuiona kadi ile. Tulimwambia nimetibiwa, basi.

Mwaka mmoja ukapita bila mimba. Damu ya mwezi ilikuwa nyingi kuliko zamani, na maumivu ya kunikunja chini ya meza sokoni, nikawaachia wenzangu omena zangu wauze. Katika zahanati waliniambia nina upungufu wa damu, wakanipa vidonge vyekundu na kuniambia ningoje. Ningoje nini? Nilikuwa na mume, nilikuwa na kitanda, nilikuwa na umri. Wanawake walioolewa nyuma yangu walikuwa wameshafunga mtoto mgongoni na kurudi kwenye meza zao.

Mtauliza kama lile swali la nesi halikunijia. Lilinijia. Lilikuja nikiwa naosha vyombo, lilikuja kanisani. Lakini mwaka huo huo wifi yangu akashika mimba ya sita, na mimi, hebu nicheke kidogo, nikatulia. Nikasema moyoni, unaona? Koili ilikuwa yake, na ameshika mimba, basi hakuna koili yoyote iliyowekwa popote. Niliridhika na hesabu hiyo. Nikalisukuma swali mbali, na kila lilipojaribu kurudi nilikuwa na jibu.

Mama mkwe akanipeleka Angurai kwa bibi mmoja aliyesifiwa kwa kukanda matumbo. Alikuwa na mikono mikavu, na alinikanda kwa mafuta ya ng'ombe asubuhi tatu mfululizo. Siku ya tatu akaacha, akafuta mikono, akamwambia mama mkwe kwa Kiteso kwamba kuna kitu kimekaa pale. Nikatafsiriwa. Lakini hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Sote tuliuliza nani. Nani amekiweka, nani ana kijicho, nani tulimnyima omena. Tulirudi na dawa ya kuoga na orodha ya majirani wa kuwaogopa, na mimi nikaacha kumsalimu mwanamke mmoja asiye na hatia mpaka alipohama.

Mwaka wa pili mume wangu alisema sasa twende hospitali, tena wote wawili. Wanaume wachache sana wangesema vile wakati huo. Tulikwenda Busia. Daktari aliniandikia sindano za penisilini, akamwambia yeye alete mbegu zake kwenye chupa zikapimwe. Hakukuwa na chumba cha jambo hilo. Alitakiwa azitoe nyumbani, azilete zikiwa na joto. Basi karani wa forodha, boss wa madereva, aliamka akafanya alivyofanya, akatia chupa kwapani ndani ya shati, akavaa koti juu, akasafiri Malaba hadi Busia ameubana mkono kama mtu mwenye jipu. Lori lililompa lifti lilipata pancha. Alipofika wakamwambia zimekufa zote. Akarudi nyumbani, na mara ya pili akakubali kwenda kujifungia katika choo cha hospitali, watu wanagonga mlango wakitaka kuingia. Majibu yalikuja mazuri. Mbegu zake ni nzima kabisa, walisema, na waliyasema mbele yangu.

Hakuniambia neno baya, si siku ile wala baadaye. Lakini tangu siku ile tumbo likawa langu peke yangu. Zamani alikuwa akisema tutapata. Akaanza kusema utapata.

Niliacha kuhesabu mwezi. Niliacha kupokea watoto wachanga waliopakatwa kwangu, nikasingizia mikono inanuka omena. Nyumbani kwa wifi sikwenda tena mara kwa mara, kwa sababu alikuwa amejifungua yule wa sita na tayari ana wa saba tumboni, miguu imemvimba, na kila nikifika ananiangalia kwa huruma hadi natamani kumpiga. Nilimchukia, ndiyo. Nilikuwa naona amepewa sehemu yangu. Siku zilikuja nikaona heri ningekufa kwenye ile baiskeli, nikalisema kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, na sikuona ajabu kulisema.

Mwaka wa tatu, mwalimu mmoja wa dini alituambia kuna hospitali ya misheni, mbali, ambako kuna daktari sista anayetazama matumbo ya wanawake kwa mashine. Tulikwenda. Sista alikuwa mzungu mzee, Kiswahili chake kizuri kuliko cha mama mkwe. Alinishika mkono. Alisikiliza habari za mimba zote mbili, akauliza yule wa pili alitoka wapi, nikasema nyumbani. Unaona nilivyokuwa? Hata kwake nilificha ng'ambo. Akasema ataniingizia maji maalumu tumboni kisha atapiga picha, aone njia ilipozibwa. Iliuma vibaya. Nilivumilia kwa furaha, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mtu kutazama ndani badala ya kukisia.

Aliniita baada ya muda. Picha ilikuwa imebandikwa kwenye taa. Katikati ya kiuno changu, mahali pa mtoto, kulikuwa na kitu cheupe kimejikunja kunja, kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Sista hakunishika mkono tena.

"Hii nani alikuwekea?"

Nikasema sijawekewa kitu. Akasema mama, hii ni koili, haikuingia yenyewe. Nikarudia sijawekewa kitu. Uso wake ulibadilika. Alikuwa amewahi kuwaona wanawake wanaozuia kwa siri huku waume wao wakiwahangaisha madaktari, na aliona mimi ni mmoja wao. Akafungua mlango akamwita mume wangu.

Alisimama mbele ya ile taa, kofia mkononi. Sista alimweleza kwa Kiingereza, nami nikamwona akielewa. Aliitazama picha kama alivyotazama fomu iliyoghushiwa, bila kupepesa. Kisha akanigeukia.

"Miaka mitatu unanizungusha?"

Sijawahi kusikia sauti ile tena, namshukuru Mungu. Nilimwona akiikumbuka chupa, na choo, na watu wakigonga. Nilijua nikikaa kimya sina ndoa. Nikaanza kusema, maneno yakatoka yote pamoja: ng'ambo, askari, baiskeli, kadi ya dada yako, waliona kadi ya dada yako, yeye ndiye aliyekuwa ameomba, wakaniwekea mimi kitu chake. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa karani, alijua swali linalofuata.

"Na hawakukuuliza?"

"Hawakuniuliza," nikasema.

Ndiyo hivyo. Nilipata nafasi ya kupumua pumzi moja, na katika hiyo pumzi nikachagua. Alikaa kwenye benchi akafunika uso. Alipoinuka aliniomba radhi kwa kunishuku, mbele ya sista, mume wangu yule mpole.

Sista aliitoa mchana huo huo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchambua kibaba cha omena. Alinionyesha ikiwa kwenye pamba, kijitu cha plastiki kisichofika urefu wa kidole changu. Nilifikiri sasa imekwisha, na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa jina nitakalompa. Lakini alikuwa hajamaliza. Alirudi kwenye picha akatuonyesha yale maji aliyoniingizia, yalikoanzia na yalikokomea. Yalitakiwa kupita pande zote mbili. Hayakupita hata upande mmoja. Akasema kumekuwa na ugonjwa humo ndani muda mrefu, pengine tangu siku ile ile, na mirija imeshikana. Mume wangu akauliza kama kuna dawa. Sista akasema kama ningekuja mapema. Hakumalizia, wala hatukumwomba amalizie.

Wiki ile mume wangu alivuka mto. Sikwenda naye. Nilisikia kwa mama mkwe, aliyesikia kwa majirani, kwamba alisimama uani kwa dada yake bila kukaribishwa kiti, akamwambia ameuza tumbo la mke wake kwa kadi, na kwamba asikanyage Malaba tena. Wifi hakuwa anajua anachosemwa. Alikuwa ananyonyesha. Aliuliza koili gani, na mume wangu akageuka akaondoka. Hawakuzungumza tena kamwe. Mume wa wifi alipokufa mume wangu hakwenda kuzika, na kwa Wateso hilo ni jambo ambalo halifutiki. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilikuwa naliweka neno tayari mdomoni, namwandalia chakula, anakula, anashukuru, nami nalimeza.

Ilipita kama miezi miwili. Siku moja, saa nne asubuhi, nimeanika omena kwenye turubai nyuma ya nyumba, nikamwona wifi anakuja kwa kijia cha shambani. Alijua kaka yake yuko forodhani. Alikuwa amekonda, yule wa saba mgongoni, na alitembea kama mtu anayeumwa kiuno. Sikumkaribisha. Nilisimama na fagio langu. Akafika, akapiga magoti kwenye vumbi, yeye mkubwa kwangu, dada ya mume wangu, mtu ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumpigia magoti.

Akafungua kitambaa akatoa kadi. Alisema aliposikia yale maneno ya kaka yake hakulala, akaipeleka kwa katekista amsomee upande wote wa chini. Katekista alimsomea mara mbili. Imeandikwa mgonjwa amesafishwa. Imeandikwa amewekewa koili. Na imeandikwa kwamba mgonjwa aliulizwa kwanza, na amekubali.

Nikasema moyoni, basi, leo imefika. Na usishangae nikikuambia kwamba nilifurahi, kitambo kidogo tu, kama mtu aliyebeba gunia akaona mahali pa kulitua. Nikangoja aniangalie usoni aniulize.

Hakuniuliza. Alikuwa akilia, na mtoto mgongoni naye akaanza kulia kwa kumsikia mama yake.

"Ona walivyo waongo," akasema. "Wanaandika umekubali. Wewe, uliyekuwa unamlilia yule mtoto! Ungekubalije? Nimemwambia katekista hiyo ni uongo, wifi yangu namjua."

Nikaitazama kadi. Nikatazama kichwa chake, kitambaa kimemteremka, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati. Angalau hapo ningesema. Hapakuwa na askari, hapakuwa na ndoa ya kuokoa, hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa sisi wawili na hizo omena. Ingenigharimu nini?

"Ni waongo," nikasema.

Akasema lakini kosa ni lake, maana yeye ndiye aliyeomba kile kitu, yeye ndiye aliyetoa kadi, yeye ndiye aliyeniambia niseme ndiyo. Kama angekufa yeye ingekuwa afadhali kuliko kuniona hivi. Alisema hawezi kurudi ng'ambo bila neno langu. Akanishika miguu, akaomba nimsamehe.

Nami nikamsamehe.